Kanisa la tofali za Wabenediktini: tubomoe, turefushe, au tuanze na vyoo vya watoto?

Mwalimu Mstaafu

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu zangu.

Mimi ni mwalimu mstaafu, na tangu mwaka juzi ni katibu wa kamati ya ujenzi ya parokia yetu huku Umatengoni, wilaya ya Mbinga. Jumamosi ijayo tuna kikao na sioni kama tutatoka na neno moja. Namtafuta mtu aliyekwisha kupita njia hii.

Kanisa letu lilijengwa na mabruda wa Kibenediktini kutoka Peramiho, likakamilika 1936. Ni tofali za kuchoma zilizounganishwa kwa udongo, na kwa nje wakaziba viungo kwa chokaa. Marehemu baba yangu alikuwa mvulana wa miaka 12 wakati huo. Alibeba tofali kichwani kutoka tanuru la bondeni, mbili mbili, na hadi uzeeni alikuwa akipita upande wa sanamu ya Bikira Maria anagusa ukuta kwa kiganja, anasema "huu ni wa kwetu." Kwa hiyo mnisamehe, neno "kubomoa" linanichoma.

Ila shida ipo, siwezi kuikataa. Ndani kanisa lina mita 11 kwa 28, na altare inachukua mita 7. Mabenchi ni 40, kila moja watu 8, maana yake waliokaa ni 320. Nimesimama mlangoni na daftari Dominika sita mfululizo nikahesabu mwenyewe. Misa ya kwanza, saa 12 na nusu, hawazidi 190. Misa ya pili, saa 3, wanafika 460. Wanaobaki nje chini ya miti ya milingoti (mikaratusi) ni akina mama wenye watoto migongoni, na Juni baridi ya huku mnaijua.

Tena juu ya dirisha la sakristia, chumba anachovalia padre, kuna ufa. Mwaka 2019 ulikuwa unaingiza wembe. Mwezi uliopita nilipanda ngazi nikaingiza kidole cha shahada hadi kiungo cha kwanza, nikasikia upepo upande wa pili. Kwenye kenchi za paa kuna njia za mchwa, na nje wazee waliotutangulia walipiga lipu ya saruji miaka ya 1990 ambayo sasa inadondoka vipande vipande.

Sasa shule. Ile ya zamani ya misheni, niliyosoma mimi, ilichukuliwa na serikali baada ya Sheria ya Elimu ya 1969 na bado ipo chini ya kilima. Ninayoisemea ni ya parokia yenyewe, awali na msingi, iliyoanza 2011 ndani ya ukumbi wa zamani na nyumba waliyoiacha masista. Ina watoto 236, wasichana 120 na wavulana 116. Matundu ya vyoo ni sita tu. Ukumbi umekatwa kwa plaiwudi kupata madarasa matatu, na darasa la pili wakiimba, la tatu wanaweka kalamu chini wasubiri. Wasichana wa darasa la sita na la saba siku zao zikifika wanabaki nyumbani. Nimepitia daftari la mahudhurio mwezi kwa mwezi, majina ni yale yale na siku ni zile zile. Nimefundisha miaka 34, jambo hili linaninyima usingizi kuliko ufa.

Benki tuna milioni 62. Zimetoka kwenye bahasha za jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, minada ya kuku na maharage baada ya Misa, na shilingi 50 kwa kila kilo ya kahawa ambazo wenye mashamba walikubali zikatwe kupitia AMCOS, chama chetu cha ushirika wa mazao. Zote zilichangwa kwa jina la "upanuzi wa kanisa". Mchanganuo wa kanisa jipya tulioletewa ni milioni 480.

Kamati imegawanyika. Wapo wanaotaka tubomoe tujenge jipya la kisasa. Wapo wanaotaka tutoboe kuta za ubavuni tuongeze mabawa. Mimi na mama mwenyekiti wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, tunasema vyoo na madarasa kwanza, lakini tumeambiwa tunataka kula sadaka ya kanisa. Neno hilo limeniuma.

Naomba kujua: ukuta wa namna hii unaweza kupanuliwa? Na je, fedha iliyochangwa kwa kanisa inaweza kwenda shuleni?

---

Fundi Sanifu wa Njombe

Milele amina, Mwalimu. Shikamoo.

Nimefanya kazi kwenye majengo mawili ya misheni ya umri huo, kwa hiyo nazungumzia kilichopita mikononi mwangu. La kwanza, msitoboe kuta za ubavuni. Jengo la namna hiyo halina nguzo za zege wala mkanda wa zege juu. Ukuta wenyewe ndio nguzo, na paa zima limekalia juu yake. Ukifungua matao manne ubavuni, uzito wote unahamia kwenye vipande vya tofali vilivyobaki kati ya tao na tao, na kiungo chake ni udongo. Fundi atakayekuambia "haina shida" mwombe aandike na kusaini, utamwona anavyotafuta kofia yake.

Kurefusha kunawezekana, kupitia upande wa mlango mkubwa. Ukuta wa mbele mara nyingi haubebi paa, unajibeba wenyewe. Unafunguliwa kwa kusimamisha kwanza fremu ya zege, nguzo mbili na bimu juu, kisha unaondoa tofali katikati taratibu. Sehemu mpya inakuwa na msingi wake na nguzo zake. Na hapa ndipo wengi wanapokosea: wanaingiza tofali mpya ndani ya ukuta wa zamani meno kwa meno ili zishikane. Jengo jipya litatitia kidogo miaka ya mwanzo, la zamani limeshatulia zamani. Mkiyafunga pamoja, jipya litaurarua ukuta wa zamani. Acheni nafasi ya sentimita 2 kutoka msingi hadi paa, mzibe kwa kitu laini na kufunika kwa bati.

Kwa hesabu yako Mwalimu, mkiongeza mita 9 mbele mnapata safu kama 9 au 10, mabenchi karibu 20, watu 160. Jumla 480. Wale 460 wako wanaingia wote.

Lipu ya saruji ndiyo inayowaumiza sasa. Tofali ya kuchoma na udongo vinavuta unyevu kutoka chini na kuutoa nje kwa kupumua. Ukivisha saruji umefunga pua. Maji yanapanda ndani ya ukuta, yanakaa, udongo unalainika, na lipu inaachia kwa kuwa haishikamani na kitu chenye maji. Ibandueni taratibu kwa patasi (msipige nyundo kubwa), acheni ukuta ukauke kiangazi kizima, kisha mrudishe chokaa na mchanga kama mabruda walivyofanya.

Kwenye kenchi pandeni na bisibisi, mchome kila mbao, hasa pale inapokalia ukuta. Mbao za kwanza za misheni nyingi ni mninga, mchwa hupita juu yake kwenda kutafuta laini. Utakuta zilizoliwa ni za matengenezo ya baadaye, milingoti au paini. Kama ni hivyo mnabadilisha vipande tu.

Ule ufa usiuzibe kwanza! Chukua jasi, weka kibandiko cha upana wa kiganja kukatiza ufa, mahali pawili, uandike tarehe juu yake. Kikipasuka ndani ya miezi michache, ukuta bado unatembea. Kisipopasuka, umetulia. Pia chimbeni shimo kando ya msingi chini ya ufa, nusu mita kwa mita moja, mpaka mwone mawe yanaanzia wapi na udongo una hali gani. Nina swali: kuna maji yoyote karibu na sakristia? Gata limekatika, karo, tangi?

Mambo haya yote ayaone mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi kabla ya senti moja kutumika, na kibali cha ujenzi mchukue halmashauri. Mimi ni fundi sanifu, najua mpaka wangu.

---

Mama Mhazini

Mwalimu wangu, pole sana kwa hilo neno la kula sadaka. Nimewahi kulibeba. Nilikuwa mhazini wa parokia miaka saba, parokia yenyewe sitaitaja.

Jibu la swali lako la pili liko kwenye Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1267, kipengele cha 3: kilichotolewa na waamini kwa lengo fulani kitumike kwa lengo hilo tu. Kwa hiyo wanaokupinga wana haki yao, hata kama wewe una haki ya moyo kuhusu wasichana. Milioni 62 zilitolewa kwa kanisa. Hamwezi kukaa watu tisa chumbani mkazihamisha.

Kwetu walizihamisha. Zilikuwa za paa la kanisa, zikaenda kwenye basi la shule. Basi lilihitajika, watoto walikuwa wakitembea gizani, na hakuna aliyeiba hata shilingi mia. Lakini watu walisikia kwa tetesi badala ya kusikia kanisani. Dominika iliyofuata bahasha zilizorudi zilikuwa nyepesi, nikazipima mkononi nikajua kabla sijafungua. Ndani walitia vipande vya gazeti. Ilituchukua miaka minne watu kurudi kutoa kama zamani, na baadhi ya wazee walifariki wakiwa bado wamenuna.

Ninachokushauri ni kurudi kwa waliotoa. Paroko aseme altareni kilichopo na shida ilivyo, kila jumuiya ikae nyumbani kwao, wajadili, waandike jibu kwenye karatasi na mwenyekiti asaini. Waulizwe mambo mawili: fedha iliyopo ibaki kanisani? Na je, wako tayari kuanza mfuko wa pili, wa shule, wenye akaunti yake na kitabu chake cha stakabadhi? Sisi tulitumia vitabu vya rangi mbili, bluu kwa kanisa na kijani kwa shule. Bibi asiyejua kusoma alikuwa akidai "nipe ya kijani." Kila Dominika ya kwanza ya mwezi nilisimama baada ya komunyo nikasoma zilizoingia, zilizotoka, kwa nani, kwa nini, zilizobaki. Mkono ulinitetemeka mara ya kwanza. Kanuni ya 537 inataka kila parokia iwe na kamati ya fedha, kwa hiyo kama yenu ni jina tu, ifufueni.

Nyongeza ndogo kwa kuwa ninyi ni watu wa kahawa. Fedha yenu inaingia Septemba na Oktoba, mvua inaanza Novemba. Mtashawishika kununua kila kitu upesi kabla fedha haijatawanyika. Nunueni mawe, kokoto, nondo, tofali. Saruji msinunue mpaka siku ya kumwaga zege imejulikana! Tulinunua mifuko 200 kwa bei ya ofa, ikakaa stoo miezi mitano ya mvua. Nilifungua wa kwanza mwenyewe: karatasi ilitoka ikabaki umbo la mfuko, na mikunjo yake, gumu kama jiwe. Nililia pale stoo. Yule mjane aliyeleta mifuko miwili kwa kuuza mbuzi alikuwa amekaa nje akisubiri kuona yake ikitumika.

---

Mwana wa Kigango, Dar

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mzaliwa wa huko, nimeoa na nimehamia Dar. Naomba nitetee kidogo upande wa kanisa jipya. Sisi tulio mbali ndio tunaombwa milioni moja moja, na ukituambia "tunabandua lipu" au "tunarefusha mita 9" watu hawatoi. Ukitutumia mchoro wa kanisa jipya lenye mnara, tunachanga usiku mmoja kwenye kundi la simu. Naliheshimu jasho la wazee, ila watoto wetu wanastahili kanisa kubwa kwa miaka 100 ijayo.

---

Mseminari

Nachangia upande wa liturujia tu. Kwa kanuni ya 1215 hakuna kanisa linalojengwa bila idhini ya wazi ya maandishi ya askofu jimbo, na hata kwa upanuzi mkubwa kama huu barua ya jimboni itangulie mkandarasi. Mkirefusha upande wa mlango, altare haiguswi, na hiyo ni neema kubwa, kwa maana altare iliyokwisha kutabarukiwa haisogezwi kama meza ya sebuleni. Angalieni tu kama altare yenu imeegemea ukuta. Mwongozo wa Misale unataka iwe mbali na ukuta ili padre aweze kuizunguka na kuadhimisha akiwaelekea waamini.

Wakati wa kazi za paa Ekaristi Takatifu ihamishwe mahali pa heshima, vumbi la paa la miaka themanini halina huruma. Na kwa mwanafamilia wa Dar: naelewa hamu yako, kaka. Lakini mchoro hauombi Misa. Akina mama wanapigwa na baridi Juni hii.

---

Mwalimu Mstaafu

Marahaba wanangu, na asanteni. Nimechelewa kurudi wiki tano, nilitaka nirudi na jambo la kusema.

Mama Mhazini, nilisoma maneno yako kikaoni kama yalivyo. Palikuwa kimya pale kwenye vipande vya gazeti. Baba Paroko alitangaza Dominika, jumuiya zote 19 zikakaa. Kumi na saba zimejibu: milioni 62 zibaki za kanisa, kanisa lirefushwe wala lisibomolewe, na mfuko wa kijani uanzishwe. Tumechukua rangi zako. Mbili hazijakubali, zinataka jipya, na nimewaomba viongozi wao waingie kamati ya ununuzi ili waone kila stakabadhi. Wameingia.

Mwana wa Kigango, usivunjike moyo mwanangu. Nimekutumia kwenye lile kundi lenu la simu picha ya daftari la mahudhurio, majina nimeyafunika. Ndani ya siku tatu mmetuma milioni 4 na laki 3 za kijani, na wewe mwenyewe ulikuwa wa kwanza.

Kwa kiwango cha serikali, tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25, tunahitaji matundu 11. WAWATA wamejitwisha ya wasichana, sita, pamoja na chumba chenye maji na mlango unaofungika kwa ndani. Shimo limechimbwa na VIWAWA, chama cha vijana Wakatoliki, mita 3 kwenda chini. Jumatatu tulianza kupanga tofali. Mabinti wawili wa darasa la saba walisimama pembeni wakiangalia kwa muda mrefu, mmoja akaniuliza kama mlango utakuwa na komeo kweli. Nikamwambia nitalinunua mimi, nitakuja nalo mfukoni. Nimeshalinunua.

Upande wa kanisa, Fundi, ulikuwa na haki kuhusu kenchi. Tulipanda na bisibisi mimi na mwenyekiti. Za mninga bisibisi inaruka, unasikia kama unagonga chuma. Zilizoliwa ni mbao saba za matengenezo ya baadaye, na moja ilikuwa ganda tu, ukiibonyeza kwa dole gumba inaingia. Mhandisi amekuja mara moja, amekubali kurefusha mbele, ripoti ya maandishi tunaisubiri, na barua ya jimboni imeshapelekwa.

Swali lako la maji nililijibu kichwani kwamba hakuna. Gata la upande ule ni zima na tangi liko mbali. Jumanne tukachimba shimo chini ya ufa. Msingi unaanzia sentimita 80, mawe ya mto yamepangwa kwa ustadi, baba yangu angefurahi kuyaona. Lakini udongo uliozunguka mawe yale ulikuwa tope, na ni mwezi wa nane, hakujanyesha tangu Aprili. Tulichimba tukifuata tope kuelekea ukutani tukalikuta bomba la plastiki linalopeleka maji kwenye beseni la sakristia. Liliwekwa 2016, mimi mwenyewe nilishangilia siku ile. Kiungo chake kimelegea, tone linatoka, unahesabu hadi nne, lingine linatoka.

Tumefunga maji. Padre sasa ananawa kwa jagi. Vibandiko viwili vya jasi nimeviweka juu ya ufa, nimeandika tarehe kwa kalamu ya risasi, na kila asubuhi baada ya Misa napanda ngazi kuviangalia. Leo ni siku ya kumi na mbili, vyote viwili ni vizima.